Aliyeisikiliza Riwaya Naye Ameisoma: Mjadala

Wapenda vitabu wanapokutana, Nakuru kama kwingineko, hawaanzi kwa uhakiki. Huanza kwa maoni mepesi: hii ilinishika mpaka usiku wa manane, ile niliiacha sura ya tatu, huyu anajua kumjenga mhusika lakini hajui kumaliza kisa. Nayathamini sana maoni ya namna hii. Ndiyo hukiondoa kitabu mkononi mwa mtu mmoja kikafika kwa mwingine, na bila hayo riwaya nyingi zingebaki dukani zikisubiri mtihani uzikumbuke. Lakini siku hizi yameingiwa na mgogoro. Mmoja akisema riwaya fulani ilimchosha, mwenzake humuuliza: uliisoma au uliisikiliza? Akijibu kwamba aliisikiliza kwenye simu, maoni yake hupunguzwa thamani papo hapo, kana kwamba ameeleza ladha ya chakula ambacho hakukila.

Mjadala ufuatao nimeupanga ili kila hoja ipate wa kuibeba. Wasemaji watatu ni wa kubuni: mwalimu wa fasihi wa Njoro, dereva wa lori la masafa marefu, na mama anayeuza vitabu vipya na vya mitumba mjini Nakuru. Anayejibu kwa jina la MWANDISHI ni mimi mwenyewe. Hoja zao ndizo zinazosikika kila suala hili linapozuka. Msimamo wangu nautangaza mapema: aliyeisikiliza riwaya nzima kwa makini ameisoma, na maoni yake yana uzito sawa na ya msomaji mwingine yeyote. Ila ana deni moja ambalo msomaji wa kurasa hana. Lazima atenganishe kazi ya mwandishi na kazi ya sauti iliyomsomea.

MWALIMU: Nitasema kwa heshima, lakini sitauma maneno. Kusoma riwaya ni kazi. Macho hufuata mstari, hurudi nyuma, husimama penye neno gumu, hujiuliza kwa nini mwandishi amekata aya hapa wala si pale. Anayesikiliza hubebwa. Sauti haimngoji. Akipitiwa na wazo la karo au la mvua, ukurasa umekwenda. Kisha aje atuambie kwamba Clara Momanyi amefaulu hapa na kuteleza pale katika *Nguu za Jadi*? Amejuaje? Mtu hahukumu safari aliyoipita usingizini.

DEREVA: Mwalimu, kwa heshima yako, mimi silali safarini. Naendesha lori kutoka Mombasa hadi Malaba, na nikifika Salgaa usiku macho yamechoka kwa taa za magari. Ukinipa kitabu saa hiyo, ukurasa wa pili nimesinzia. Lakini mchana nina barabara ndefu na masikio mawili yasiyo na kazi. Riwaya ikianza Gilgil, nikifika Burnt Forest najua nani ni nani, nani anadanganya, nani ataumia. Nikikasirishwa na mhusika, hasira ni ileile ambayo ungeipata wewe ukiwa kitini. Sasa unaniambia sina maoni?

MWANDISHI: Jambo hili limepimwa, na vipimo vyenyewe havimpi ushindi wote mmoja kati yenu. Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake nchini Marekani waliwagawa watu wazima katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisikiliza sehemu za kitabu cha Laura Hillenbrand kiitwacho *Unbroken*, la pili likazisoma sehemu hizohizo kwenye kifaa cha kidijitali, na la tatu likasoma na kusikiliza kwa pamoja. Walipimwa mara tu walipomaliza, kisha wakapimwa tena baada ya wiki mbili, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Mwaka 2019 Fatma Deniz na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitazama ubongo wa watu tisa waliosikiliza hadithi na pia kuzisoma. Ramani ya maana za maneno ndani ya ubongo ilikaribia kuwa moja kwa njia zote mbili. Hapo Dereva ana haki yake: maana ikishaingia, akili haibagui mlango iliopitia. Lakini Mwalimu naye ana ushahidi. Mwaka 2010 David Daniel na William Woody walipowapa wanafunzi wa saikolojia makala ileile, wengine kwa maandishi na wengine kwa sauti, waliosikiliza walipata alama za chini. Mwaka 2022 Virginia Clinton-Lisell alizikusanya tafiti 46 za namna hii na kuzipima kwa pamoja. Kwa jumla hakuona tofauti kati ya kusoma na kusikiliza, ila kusoma kulitangulia kidogo pale msomaji alipokuwa huru kwenda kwa mwendo wake mwenyewe, na pale maswali yalipotaka ang'amue jambo ambalo matini haikulisema waziwazi.

Tafiti hizo zikisomwa kwa pamoja zinatuonyesha kwamba kinachopungua kwa anayesikiliza ni utawala wa mwendo. Uwezo wake wa kuelewa haujaguswa. Msomaji wa kurasa hupunguza mwendo bila hata kujua kwamba amepunguza, wakati msikilizaji lazima aamue kuibonyeza simu na kurudisha nyuma. Anayeamua hivyo amejirudishia karibu kila kitu ambacho Mwalimu anasema kimepotea. Asiyeamua amekosa jambo, naam, lakini hata anayepitisha macho juu ya kurasa huku akiwaza mengine amekosa jambo lilelile, na hatujawahi kumwambia kwamba hakusoma. Tunamwambia tu kwamba hakusoma vizuri. Basi kipimo kiwe kimoja kwa wote: tuulize umakini, tusiulize kiungo cha mwili. Na Dereva aukubali ukweli unaofuatana na kipimo hicho. Barabara ya Sachangwan inapodai akili yake yote, na kwa usalama wa watu lazima aitoe yote, dakika hizo za riwaya hakuzisikiliza. Azirudie akishaegesha, au asiziwekee maoni.

MWALIMU: Nakubali umakini. Lakini vipimo vyako vingi ni vya habari na makala, ambako mtu hutafuta maarifa. Riwaya ni lugha. Chukua Euphrase Kezilahabi, *Nagona* ya mwaka 1990 na *Mzingile* ya mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba, lakini kila sentensi ni fumbo. Nani ataisikiliza *Nagona* huku anapika chapati, kisha aje aniambie ameielewa?

MWANDISHI: Hakuna, na kwa mfano huo nakubaliana nawe bila sharti. *Nagona* inadai kurudiwa mstari kwa mstari, na ukurasa ndio mahali pake pa kwanza. Lakini mfano huo unatupa uainishaji wa riwaya. Hautupi uainishaji wa watu. Kezilahabi huyohuyo aliandika *Rosa Mistika* mwaka 1971, ambayo kisa chake kinatembea kwa mwendo ambao sikio linaufuata bila shida. Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa na kiko chake katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, mwaka 1960, alijenga riwaya ya upelelezi ambayo nguvu yake kubwa iko katika mazungumzo, na mazungumzo ni mali ya sikio kabla hayajawa mali ya jicho. *Siku Njema* ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inasimuliwa na Kongowea Mswahili mwenyewe, katika nafsi ya kwanza, kwenye safari inayoanzia Tanga na kumfikisha Kitale akimtafuta baba. Mtu anayejieleza maisha yake anaomba kusikilizwa. Kwa hiyo msikilizaji mwema huchagua. Akisema *Nagona* ilimpotea, asikimbilie kusema kwamba Kezilahabi ameandika vibaya. Aseme kwamba kitabu hicho hakikuwa cha njia aliyoitumia. Na msomaji wa kurasa naye ajue kwamba zipo riwaya ambazo yeye ndiye anayezipokea nusu. Lugha ya Said Ahmed Mohamed katika *Utengano*, ya mwaka 1980, imebeba mwendo wa maneno ya Visiwani. Mtu wa Molo au Subukia, aliyejifunza Kiswahili shuleni na sokoni, huyapitia maneno hayo kwa macho bila kuyasikia yanavyopanda na kushuka. Akisomewa na mtu wa Unguja au Pemba anayeijua lugha hiyo tangu utotoni, atapata kitu ambacho wino hauwezi kukibeba. Hapo sauti inaongeza.

MWALIMU: Najua unakoelekea. Utaniambia kwamba Waswahili wamesoma kwa sauti tangu zamani. Ni kweli kwa utenzi. *Utendi wa Tambuka* wa mwaka 1728 uliandikwa ili ughanwe mbele ya watu, na utendi wa Mwana Kupona, wa karibu mwaka 1858, wanawake waliupokezana kwa midomo. Lakini utenzi una vina na mizani, na hivyo ndivyo vinavyolishika sikio lisipotee. Riwaya haina. Riwaya ni mtoto wa mtambo wa kuchapa, na iliandikiwa mtu mmoja aliye peke yake, kimya. Usiichanganye na fasihi simulizi.

MWANDISHI: Hoja hiyo ina nguvu katika nadharia, lakini historia ya riwaya yenyewe inaipinga, na ushahidi ulio karibu nasi zaidi unaihusu Nakuru. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika *Caitaani Mũtharaba-inĩ* akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni, na ikachapishwa kwa Kikuyu mwaka 1980. Mhusika wake mkuu, Jacinta Warĩĩnga, alikulia Nakuru kwa jamaa zake na kusomea papa hapa, na reli ya Nakuru ndiyo iliyokaribia kuwa mwisho wa maisha yake. Ngũgĩ mwenyewe ameandika jinsi riwaya hiyo ilivyopokelewa ilipotoka. Familia ziliketi jioni na mmoja akawasomea wengine. Wafanyakazi walisomeana wakati wa chakula cha mchana. Ilisomwa ndani ya matatu. Katika baa kulikuwa na watu waliosoma kwa sauti wakafika penye utamu, wakasimama na kutazama glasi zao tupu mpaka wasikilizaji wawaagizie kinywaji kingine. Kitabu hicho kilichapwa tena ndani ya mwaka uleule. Wengi walioifahamu hadithi ya Warĩĩnga hawakuwahi kukishika kitabu, lakini walibishana juu yake, walimhurumia, waliwalaani matajiri waliomdhulumu. Nani leo atawaambia kwamba maoni yao hayakuwa maoni ya wasomaji? Ngũgĩ alifurahi kwamba riwaya yake imepokewa kwa mapokeo ya wasimulizi, na alikuwa amejiandaa kwa hilo, kwa maana alimweka mpiga gĩcaandĩ, msimulizi wa jadi wa Kikuyu, kuwa ndiye anayesimulia.

Nje ya Kenya ni hivyohivyo. Riwaya za Charles Dickens zilitoka kwa mafungu na zikasomwa kwa sauti katika familia za Kiingereza, na tangu mwaka 1858 yeye mwenyewe alizunguka akizisoma mbele ya halaiki za watu waliolipa kiingilio. Kuba nayo ina ushahidi ninaouona mzito kuliko wote. Kuanzia mwaka 1865, wafanyakazi wa viwanda vya sigara mjini Havana walimlipa kwa fedha zao wenyewe msomaji aliyeketi juu ya jukwaa na kuwasomea magazeti na riwaya huku mikono yao ikiviringisha tumbaku. Kitabu cha kufuata walikichagua kwa kura. Walimpenda Alexandre Dumas kiasi kwamba aina mojawapo ya sigara maarufu za huko inaitwa Montecristo, kwa jina la shujaa wa riwaya yake. Wengi wao hawakujua kusoma, lakini kura waliyoipiga ilikuwa hukumu ya fasihi, na hukumu hiyo imedumu. Nikiyafikiria mashamba ya maua ya Naivasha, ambako maelfu ya watu hufunga mashada ya waridi siku nzima kwa mikono inayojua kazi yake, naona kwamba swali la nani ana haki ya kuitolea riwaya maoni ni swali la nani anaruhusiwa kuwa na maisha ya fikra wakati mikono yake ina shughuli. Riwaya ikiwa mali ya mwenye saa mbili za kukaa kimya chini ya taa peke yake, tumeiweka mbali na sehemu kubwa ya watu ambao inasimulia habari zao.

Kuna pia wenzetu wasioona. Waingereza walipoanza kutoa vitabu vya sauti mwaka 1935 kwa ajili ya vipofu, wakiwemo askari waliopoteza macho katika Vita Vikuu vya Kwanza, miongoni mwa rekodi za mwanzo ilikuwemo riwaya ya Agatha Christie, *The Murder of Roger Ackroyd*. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa katika hali ambayo asiyeona anaweza kuitumia, sauti ikiwa mojawapo. Ukisema kusikiliza si kusoma, umesema kwamba mtu huyo, asipojua breli, hajawahi kusoma riwaya hata moja. Ukijibu kwamba yeye ana udhuru, hujaiokoa hoja yako. Udhuru unaeleza kwa nini ameichagua njia ile. Haubadilishi kilichoingia akilini mwake.

MAMA: Mimi sina kisa na masikio ya mtu. Mteja wangu akisikiliza kitabu akakipenda, wakati mwingine huja kukinunua. Lakini mwanangu, kuna jambo mnalipita haraka. Anayesikiliza hapati kitabu cha mwandishi peke yake. Anapata cha watu wawili. Mteja huja akaniambia, hicho usiniletee, kinaboesha, na nikimuuliza sana nagundua aliyekisoma ndiye aliyemboesha. Mwandishi ameponzwa na koo la mtu mwingine. Na mwingine hukisifu kitabu hafifu kwa sababu sauti ilikuwa tamu.

MWANDISHI: Mama, hapo umeligusa lile deni nililolitaja mwanzoni, na ndilo hasa linalotofautisha maoni ya msikilizaji na ya msomaji. Kila anayesoma kwa sauti anafasiri. Akiamua kwamba mhusika anasema kwa kejeli, amekufungia uwezekano kwamba mhusika alisema kwa uchungu. Akiwapa maskini wote sauti ya unyonge, ametia ndani ya kitabu dharau ambayo huenda mwandishi hakuiandika. *Americanah* ya Chimamanda Ngozi Adichie, katika rekodi iliyosomwa na mwigizaji Adjoa Andoh, inamtaka msomaji mmoja aseme kama mtu wa Lagos, kama Mnigeria aliyekaa Marekani, kama Mmarekani mweupe na kama Mmarekani mweusi, katika riwaya ambayo lafudhi yenyewe ni sehemu ya kisa. Msikilizaji anayeisifu au kuilaumu anawajibika kusema ni wapi anamsema Adichie na ni wapi anamsema Andoh. Vivyo hivyo kwa riwaya za kwetu zinaposomwa na mtu wa mbali. *The In-Between World of Vikram Lall* ya M. G. Vassanji, iliyoshinda Tuzo ya Giller ya Kanada mwaka 2003, inaanzia Nakuru ya mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, katikati ya familia za Kihindi, za Kizungu na za Kikuyu. Msomaji asiyejua jina la Mkikuyu linatamkwaje ataharibu kitu ambacho mwandishi hakukiharibu.

Deni hilo linalipika, tena kwa urahisi. Maoni kuhusu mpangilio wa kisa, ujenzi wa wahusika, ukweli wa mazungumzo, uzito wa maudhui na jinsi kisa kinavyomalizika, yote hayo yako ndani ya maneno, na maneno ni yaleyale. Msikilizaji ayaseme kwa kujiamini. Maoni kuhusu mwendo, ucheshi, hisia na hasa uchovu, ayachunguze kwanza. Kama sura ilimchosha, asome kurasa chache za sura hiyo, au aisikilize sehemu nyingine inayosomwa na mtu tofauti, kabla hajamhukumu mwandishi. Na aseme wazi kwamba alisikiliza, na nani alimsomea, kama vile anayeitolea maoni riwaya iliyotafsiriwa anavyopaswa kumtaja mfasiri. Tunapozungumzia *Peponi*, hatusemi tu kwamba ni ya Abdulrazak Gurnah. Tunajua kwamba Kiswahili chake, kilichotoka mwaka 2022, ni kazi ya Ida Hadjivayanis. Hakuna anayewaambia waliosoma *Peponi* kwamba hawajamsoma Gurnah kwa kuwa mtu mwingine alisimama kati yao naye. Anayesoma kwa sauti ana mkono mwepesi zaidi kuliko mfasiri, maana hakubadilisha hata neno moja.

MAMA: Basi jibu na hili la tumbo. Kitabu kipya ni ghali. Tangu sheria ya mwaka 2013 iweke kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu, mzazi ananunua kile cha mtihani na kuondoka. Watu wanageukia simu. Huko kwenye simu mtu husoma riwaya ya mwenzake mwanzo hadi mwisho bila ruhusa, anapata watazamaji, anapata matangazo. Mwandishi hapati kitu, na mimi sipati kitu. Mkiwahalalishia wasikilizaji maoni yao, mmewahalalishia na wizi.

MWANDISHI: La, na ni muhimu tusiziunganishe hizo mbili. Kitabu kilichorudufishwa kwa magendo na kuuzwa kando ya barabara hutoa msomaji halisi, na bado ni wizi. Njia ya kusoma haina hatia kwa kosa la anayeiba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Ken Walibora alituacha Aprili 2020, kwa hiyo mpaka mwisho wa mwaka 2070 hakuna anayeruhusiwa kuitia *Siku Njema* kwenye rekodi bila idhini ya wenye haki. Anayeisikiliza rekodi ya magendo ana haki ya kuwa na maoni, lakini pia ana wajibu wa kuacha kuisikiliza. Ila tuulize kwa nini magendo yanapata nafasi. Yanaipata kwa sababu hitaji lipo na bidhaa halali ni haba. Vijana wa Kenya wanasikiliza kwa wingi simulizi za sauti kutoka Tanzania kwenye YouTube, hadithi zilizoandikwa mahsusi kwa sikio, na wanazijadili kwa hamu ambayo ningependa kuiona juu ya riwaya zetu kubwa. Wachapishaji wa Nairobi wameshikilia hazina na milango wameifunga. Hata pale sheria haizuii tena, kimya ni kilekile: Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na kwa kipimo cha miaka 50 *Kusadikika* haihitaji kuombewa ruhusa. Inahitaji msomaji mwenye sauti njema, chumba tulivu na kinasa sauti. Maktaba ya umma, chuo kikuu kama Egerton kilichoko Njoro, au kituo chochote cha redio cha hapa Bonde la Ufa kinaweza kuifanya kazi hiyo.

MWALIMU: Mnanibakishia wanafunzi, na wao ndio siwezi kuwaachilia. Mtihani wa fasihi hauulizi kama ulilia. Unataka dondoo, unataka muktadha wake, unataka mbinu za lugha, unataka tahajia. Kijana akijua kwamba anaweza kusikiliza, hatafungua kitabu.

MWANDISHI: Kijana huyo tayari hafungui kitabu, Mwalimu, na simu siyo iliyomfunza hivyo. Wakati *Kidagaa Kimemwozea* ilipotahiniwa, na hata sasa kwa *Nguu za Jadi*, adui mkubwa wa riwaya darasani amekuwa mwongozo: kijitabu kinachompa mwanafunzi muhtasari wa kila sura, orodha ya wahusika na sifa zao, na maudhui yaliyokwisha kuchambuliwa. Anayesoma mwongozo ametumia macho yake vilivyo, na hajasoma riwaya. Anayesikiliza riwaya nzima, neno kwa neno, amekutana na kila sentensi ya mwandishi. Kati ya hao wawili, mimi najua ni yupi nitakayemuuliza maoni. Mstari wa kuulinda basi ni ule ulio kati ya kitabu kizima na muhtasari wake, na mstari huo unapita pia ndani ya sauti, kwa kuwa kwenye simu kuna rekodi nyingi zinazosimulia kisa kwa maneno ya msimulizi na kuacha maneno ya mwandishi. Hizo ni miongozo iliyopewa sauti, na maoni yatokanayo nazo si maoni kuhusu riwaya. Kwa upande wa dondoo na tahajia, uko sahihi kabisa, na ndiyo maana sisemi sauti ichukue nafasi ya ukurasa darasani. Nasema zikae pamoja. Shule zilipofungwa Machi 2020, masomo yalirushwa redioni, na watoto wasio na intaneti wakapata kitu cha kushika. Mwanafunzi anayesomewa sura jioni na kuifungua kesho yake darasani atakuja akijua kisa kinakoelekea, na mwalimu atapata muda wa kufundisha lugha badala ya kusimulia hadithi.

Nimewapa wasemaji wote nafasi kwa sababu kila mmoja ameshika sehemu ya ukweli. Mwalimu ameshika kwamba riwaya inadai umakini, na kwamba zipo riwaya zinazodai ukurasa. Mama ameshika kwamba sauti ni mkono wa pili juu ya kitabu, na kwamba mwandishi lazima ale. Dereva ameshika jambo ambalo bila yeye tungelisahau, kwamba riwaya iliandikiwa watu na watu wana kazi. Hakuna hata moja kati ya kweli hizo inayotuongoza kwenye hitimisho kwamba msikilizaji ni msomaji wa daraja la pili. Zinatuongoza kwenye masharti matatu, nayo ni mepesi: awe amekisikiliza kitabu kizima, awe amekisikiliza kwa makini na kurudia alipopotea, na anapotoa maoni aseme ni nini anakipima, riwaya au sauti.

Akiyatimiza, tumsikilize kama tunavyomsikiliza mwingine yeyote. Akisema mwisho wa riwaya ni dhaifu, tubishane naye juu ya mwisho huo, tusibishane juu ya masikio yake. Fasihi ya Kiswahili haina wasomaji wengi kiasi cha kuanza kuwafukuza wanaoingia kwa mlango mwingine. Ina haja ya watu wanaobishana juu yake Salgaa penye kituo cha malori, Naivasha penye mashada ya waridi, Njoro darasani na Nakuru mjini kwenye meza ya muuza vitabu, wote kwa haki ileile na kwa wajibu uleule wa kusema kweli kuhusu kile walichokipokea.